Jani la Virginia

Neno Virginia nililisikia mara ya kwanza kwa baba, na kwake lilikuwa jina la tumbaku. Kwetu Urambo, mkoani Tabora, tunalima tumbaku ya mvuke, ile ambayo majani yake hugeuka njano kama ndizi mbivu yakishakaa bani, yaani chumba cha kuyakaushia kwa moto, karibu juma zima. Kwenye karatasi za chama cha msingi iliandikwa Virginia. Nikiwa mdogo niliamini Virginia ni mama fulani wa zamani aliyetuletea mbegu, na siku moja nikamuuliza baba kama yule mama bado yu hai. Baba akasema hajui. Jina hilo naye alilikuta kwa baba yake.

Sasa ninaishi katika jimbo lenyewe la Virginia, Marekani. Kazi ndiyo iliyonileta Richmond, na kwa miaka miwili nilipita barabarani nikiona vibao vya Jamestown, mahali Waingereza walipojenga makazi yao ya kwanza ya kudumu Amerika, bila kukata kona. Jumamosi moja ya Agosti nikaenda. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kisha unavuka kuingia kisiwani, na mto James unafunguka mbele yako mpana kiasi kwamba ukitazama harakaharaka unadhani ni ziwa. Watu wengi huja pale kwa ajili ya Pocahontas, yule binti wa mtawala wa wenyeji. Mimi nilikuja kwa ajili ya jani.

Nilishuka hadi ukingoni, nikanawa uso. Midomoni ikabaki chumvi kwa mbali. Mto huu hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wakati wa kiangazi maji ya chumvi husukumwa juu hadi hapa. Hilo ndilo la kwanza ambalo wageni wale hawakulijua. Walikuwa wanaume na wavulana 104, wamekuja kwa meli tatu zilizoondoka London Desemba 1606, na tarehe 14 Mei 1607 wakaanza kujenga. Walipachagua kwa sababu kina cha maji kiliwaruhusu kufunga meli kwenye miti ya ukingoni, kwa sababu walitaka kujificha dhidi ya Wahispania, na kwa sababu hapakuwa na mtu anayekaa hapo. Sisi watu wa mashamba tunajua kwamba ukikuta kipande cha ardhi kando ya mto hakina mwenyewe, wakati nchi nzima kuzunguka ina vijiji, kaulize kwanza. Hapakuwa na chemchemi ya maji safi, kinamasi kilikuwa nyuma ya nyumba na mbu hawakupumzika. Kufikia Januari 1608 walibaki hai 38.

Na mvua nazo zilikuwa zimekata. Wataalamu waliosoma pete za miti ya kale ya eneo hilo wanasema miaka saba kuanzia 1606 hadi 1612 ilikuwa mikavu kuliko kipindi kingine chochote cha urefu huo katika miaka 770. Waliingia katikati ya ukame bila kujua kwamba ni ukame. Walidhani nchi ndivyo ilivyo.

Waliowatuma walikuwa wenye hisa wa Kampuni ya Virginia, waliokaa London wakisubiri dhahabu na njia ya kufika bahari ya Asia. Kati ya waliokuja wengi walikuwa waungwana, watoto wa nyumba zenye jina, ambao kushika jembe kwao ilikuwa aibu. Niliposoma hilo nilimkumbuka babu na habari zake za karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja Tanganyika na mpango mkubwa wa kulima karanga, Kongwa, Nachingwea na kwetu Urambo, na matrekta mengi, na hesabu zilizopigwa mbali na udongo wenyewe. Ardhi ikawashinda, mvua zikawashinda, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa. Baada ya karanga ndipo tumbaku ikashika Urambo. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa jani lililokuja baada ya mpango wa wageni kufa, na Virginia, nikaja kugundua, ilipata jani lake kwa njia hiyohiyo.

Nchi ile ilikuwa na wenyewe. Iliitwa Tsenacommacah, na aliyeitawala alikuwa Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Nikilitafuta neno letu la kumweleza, alikuwa mtemi mkuu: makabila kama 30 yalimpelekea mahindi na ngozi. Wanawake wao ndio waliolima, mahindi, maharage na maboga kwenye shamba moja, maharage yakipanda juu ya bua la mhindi, majani ya maboga yakifunika udongo usikauke. Mama yangu analima hivyohivyo mpaka leo, na hakuna aliyemfundisha kwamba mahindi na maboga asili yake ni upande huu wa bahari. Waingereza waliishi kwa mahindi hayo, wakiyanunua kwa shaba na shanga, na waliponyimwa, wakiyachukua kwa bunduki. Ukiona mtu hana chakula na ana silaha, unajua hadithi itakwendaje, hasa mwaka ambao hata mwenyeji ghala lake limepungua.

Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610 wenyeji waliizingira ngome. Ndani walikuwa watu kama 300. Walikula farasi, kisha mbwa na paka, kisha panya na nyoka, kisha ngozi za viatu. Majira ya kuchipua yalipofika walikuwa wamebaki kama 60.

Katika jumba la makumbusho pale kisiwani kuna chumba kidogo chenye mwanga hafifu, na humo yumo binti. Wachimbaji waliukuta mfupa wa kichwa chake mwaka 2012 katika shimo la takataka, pamoja na mifupa ya farasi na mbwa. Alikuwa Mwingereza wa umri wa miaka kama 14. Jina lake halikupatikana, wakampa la Jane. Kwenye paji la uso kuna alama nne za kisu au shoka jepesi, fupifupi, zimekaa karibu karibu, kama za mtu aliyejaribu na mkono ukasita. Kisogoni mapigo ni mazito. Alikuwa ameshakufa walipomkata. Walimla. Wataalamu wameitengeneza sura yake kutokana na mifupa, wamemvika kitambaa kichwani, na anakutazama. Nilikaa naye muda mrefu. Alisafirishwa baharini na watu wazima waliomwahidi maisha, na sijui kama alikuwa na mtu wa kumlilia pale ndani.

Juni 1610 waliobaki waliamua kuondoka. Walipanda meli, wakateremka mto, Jamestown ikaachwa tupu. Kesho yake wakakutana na mashua ya gavana mpya, Lord De La Warr, aliyekuwa akiingia na watu na chakula, akawaamuru warudi. Siku moja tu, na historia ya huku ingeandikwa vingine.

Lakini hata waliporudi, hakukuwa na kitu cha kuuza London. Walijaribu vioo, hariri, lami ya misonobari. Dhahabu haikuwepo. Ndipo akajitokeza mlowezi mmoja, John Rolfe.

Tumbaku ya wenyeji wa Virginia ilikuwa ya aina nyingine, kali, inayochoma koo. Rolfe alipata mbegu za ile tamu iliyolimwa katika visiwa na pwani zilizokuwa chini ya Wahispania kusini, akazipanda kuanzia kama mwaka 1612, na shehena ya kwanza ikafika London miaka michache baadaye. Mfalme James mwenyewe aliichukia tumbaku, aliandika kijitabu kuilaani mwaka 1604, lakini wananchi wake waliivuta na ushuru wake haukunuka. Mwaka 1617 zilisafirishwa ratili kama 20,000. Kufikia miaka ya 1640 ilihesabiwa kwa mamilioni.

Hapa kuna jambo nililolisoma nikasimama. Mwaka huohuo wa 1617 naibu gavana Samuel Argall alifika Jamestown akakuta nyumba tano au sita zinazokalika, kanisa limeanguka, boma limevunjika, kisima kimeharibika. Na sokoni, na barabarani, na kila penye nafasi, pamepandwa tumbaku.

Ninaijua barabara hiyo. Mwaka niliokuwa darasa la tano bei ya tumbaku ilikuwa imetajwa vizuri, na kijijini watu walilima hadi mlangoni. Baba alikata eneo la mahindi akabakiza vipande viwili nyuma ya jiko. Msimu ulipoisha kampuni iliyonunua ilichelewa kufungua soko, majani yakashushwa madaraja, na mkopo wa mbolea ukakatwa kabla fedha haijafika mkononi. Tulinunua unga kwa deni kuanzia Oktoba. Mama hakumlaumu baba kwa maneno. Alikuwa akipima unga kwa kikombe, akikikwangua kwa kiganja, na sote tulikuwa tunatazama kiganja hicho. Kwa hiyo niliposoma kwamba huko Virginia gavana Thomas Dale alilazimika kuweka sheria, kila mwanamume alime kwanza ekari mbili za mahindi ndipo apande tumbaku, nilielewa sheria ile imetoka wapi. Miaka sita baada ya kula wafu wao, watu walikuwa wanahitaji kuamriwa walime chakula. Msiwaone wajinga. Jani lina nguvu hiyo.

Wanaosimulia historia ya makoloni huandika neno "tumbaku" kisha wakaendelea na safari. Nataka nikae kidogo na kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata.

Mbegu ya tumbaku ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Unaisia kitaluni ukiwa umeichanganya na majivu ili mkono ujue imeangukia wapi. Miche inamwagiliwa asubuhi na jioni, inahamishwa shambani mmoja mmoja, mvua ikikatika unarudia. Mmea ukitaka kutoa maua unakata ua, la sivyo jani halinenepi. Ukikata ua, maotea yanachipua kila kikwapa cha jani, na kila juma unapita mstari mzima kuyang'oa kwa vidole. Viwavi unawaokota kwa mkono, chini ya kila jani. Hiyo ndiyo kazi ya watoto. Utomvu unaganda vidoleni, mweusi, hautoki kwa sabuni, na ukila bila kunawa vizuri ugali wote unakuwa mchungu. Asubuhi yenye umande, jani bichi likigusana na ngozi, tumbaku inakulewesha: kichwa kinazunguka, unatapika, unakaa kivulini, kisha unarudi. Huko Virginia hawakuwa na bani la moto; mwanzo walilundika majani chini yakauke, baadaye wakajua kuyatundika. Mengine yote yalikuwa haya haya. Mmea unadai mkono wa mtu mwaka mzima, na kila ekari unayoongeza inadai mikono mingine.

Na udongo unachoka. Baada ya misimu mitatu au minne shamba halitoi tena, unafungua pori jipya. Kuanzia 1618 Kampuni ilitoa ekari 50 kwa kila kichwa ambacho mtu angelipia nauli. Tajiri akileta watu kumi, anapata ekari 500. Wengi wa walioletwa walikuwa vijana maskini wa Uingereza waliofungwa mkataba wa miaka minne hadi saba kulipia safari yao. Sisi tungewaita manamba. Wengi walikufa kwa homa na kuhara kabla mkataba haujaisha, na ekari 50 zikabaki za aliyewaleta. Mwaka 1620 Kampuni ilileta wanawake wapatao 90 wawe wake wa walowezi. Aliyemtaka mmoja alilipa gharama zake, ratili 120 za tumbaku nzuri. Baadaye hata kodi na mshahara wa mchungaji vililipwa kwa jani.

Mashamba yakapanda mto, yakaingia kwenye viwanja vya mahindi vya wenyeji. Pocahontas, binti wa Wahunsenacawh, aliyeolewa na Rolfe mwaka 1614, alifia Gravesend mwaka 1617 akiwa njiani kurudi kwao. Baba yake akafuata mwaka uliofuata. Tarehe 22 Machi 1622 ndugu wa Wahunsenacawh, Opechancanough, aliamrisha mashambulizi yaliyoua walowezi 347 kwa siku moja. Waingereza walilipiza kwa miaka, wakichoma mahindi mashambani kila yalipokaribia kukomaa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, 1619. Julai 30 wawakilishi walikutana ndani ya kanisa la Jamestown, baraza la kwanza la kuchaguliwa katika makoloni ya Waingereza Amerika, na Wamarekani hulisherehekea. Mnara wa matofali wa kanisa lililojengwa baadaye mahali hapo bado umesimama. Majuma machache baadaye, mwishoni mwa Agosti, meli White Lion ilitia nanga Point Comfort, mdomoni mwa mto. Rolfe huyohuyo, aliyeleta mbegu, ndiye aliyeandika barua kueleza kwamba meli ile ilikuwa na Waafrika "20 na kidogo", ambao gavana na mfanyabiashara mkuu wa koloni waliwapokea kwa kubadilishana na chakula.

Walitoka Angola. White Lion na meli nyingine, Treasurer, waliwapora kutoka meli ya Wareno, São João Bautista, iliyoondoka Luanda na mateka wapatao 350 kwenda Veracruz, Mexico. Wengi wao, kwa kila dalili, walitekwa katika vita ambavyo Wareno na washirika wao Waimbangala walivipiga dhidi ya ufalme wa Ndongo miaka ile ile. Watu wa Ndongo walilima mtama na uwele, walifuga ng'ombe, walifua chuma, walikuwa na miji na masoko. Na walizungumza Kimbundu.

Hapo ndipo nilipolazimika kukaa kwenye benchi. Kwa Kimbundu mtu ni *mutu*, watu ni *atu*. Mwana ni *mona*, wana ni *ana*. Kula ni *kudia*. Kufa ni *kufua*. Nilikuwa nimeishi Virginia miaka miwili nikiamini kwamba lugha za aina yangu zimefika huku juzi, kwa ndege, na wanafunzi na wakimbizi. Kumbe mwaka 1619, kabla wale mahujaji wa Plymouth, walowezi Waingereza wa kaskazini mwa hapa, hawajapanda meli yao, kulikuwa na mtu kando ya mto huu aliyemwita mwanawe kwa neno ambalo mama yangu angelitambua.

Hesabu ya watu ya 1625 imewaorodhesha wachache kwa majina. Ndani ya Jamestown, nyumbani kwa Kapteni William Pierce, yupo mwanamke Mwafrika, Angela, aliyekuja kwa Treasurer. Mstari mmoja. Wachimbaji walianza kufukua kiwanja cha Pierce mwaka 2017, na unaweza kusimama pembeni ukatazama misingi. Jina Angela ni la ubatizo wa Kireno. Alilopewa na mama yake halimo. Nilisimama pale nikitafuta cha kufanya, nikamwambia pole, kwa Kiswahili, kwa sauti. Mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa karibu alivua kofia yake, hakuniuliza kitu.

Bonde la chini, nyumbani kwa mkubwa mwingine, wapo Anthony na Isabella, na mtoto wao William, aliyebatizwa. Na yupo yule Antonio aliyefika 1621, ambaye habari zake ndizo zinaniuma kuliko zote, kwa sababu kwa muda zilikwenda vizuri. Alinusurika siku ile ya Machi 1622. Alimwoa Mary, naye Mwafrika. Walipata uhuru, wakahamia ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, wakaitwa Anthony na Mary Johnson, na kufikia 1651 alikuwa na ekari 250 kwa jina lake. Alikuwa na ng'ombe na tumbaku, na akawa na watumishi. Mwaka 1655 alimshitaki jirani ili arudishiwe Mwafrika mmoja, John Casor, akamshinda, na mahakama ikamhukumu Casor kuwa mtumwa wake maisha yote. Siwezi kuliruka hilo kwa kuwa nampenda Anthony. Alifanya alichofanyiwa.

Wakati huo sheria zilikuwa zinakaza. Mwaka 1662 iliwekwa kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: tumbo la mtumwa likawa shamba la mwenye mtumwa. Mwaka 1667, kwamba ubatizo haumweki mtu huru. Anthony alikufa 1670 huko Maryland, na baraza la wazee wa mahakama Virginia likaamua ardhi aliyoiacha kule ichukuliwe, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, na kwa hiyo mgeni. Alikuwa amekaa nchi ile karibu miaka 50.

Mwaka 1677 mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 Maryland. Shamba lile alilipa jina la Angola. Hakuwahi kuiona.

Jioni nilimpigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika huko kwa Virginia wako?"

Nilimweleza yote, la Jane nikalipita haraka. Alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa, bila kukatiza. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: hawa wa zamani, kama hawakuwa na bani la moto, sasa hii ya njano, ya kwetu, imetoka wapi?

Bahati nzuri nilikuwa nalo jibu. Ilikuja baadaye sana, 1839, jirani tu kusini mwa hapa, North Carolina, shambani kwa mtu aliyeitwa Abisha Slade. Kijana mtumwa, mhunzi, aliachwa kulinda moto wa kukaushia. Inasimuliwa kwamba usingizi ulimchukua, akaamka akakuta moto unazimika, akakimbilia makaa ya uhunzini akayatupia ndani. Joto likapanda ghafla, na majani yakageuka njano ile ambayo hakuna aliyeipata kabla. Tajiri wake akauza kwa bei ya juu, akajulikana kila mahali.

Baba akanyamaza. Amekesha kwenye bani misimu zaidi ya 30, nami nimelala juu ya gunia mlangoni mwa bani hilo mara nyingi nikisikia akiongeza kuni.

"Usiku wa pili kuingia wa tatu," akasema. "Hapo ndipo usingizi unapokuja. Walimlipa?"

"Hapana, baba."

"Anaitwa nani?"

"Stephen."

"Stefano," akasema, kama tunavyoliita kwetu. Akalirudia polepole. Kisha akaniambia mbegu ameshaisia kitaluni, na mwaka huu mahindi yatakaa mbele ya nyumba.